Kaboni tano na kidole kimoja

Habari za jioni, wasikilizaji. Tuanze na fumbo. Una atomu 5 za kaboni na 12 za haidrojeni. Kila kaboni ina mikono minne, kila haidrojeni mmoja, na hakuna mkono unaoruhusiwa kubaki mtupu. Unaweza kuunda molekuli ngapi tofauti?

Wengi huchora nne, tano, hata sita. Mtu anachora mnyororo ulionyooka, kisha anauchora uleule ukiwa na kona na kuuita wa pili. Hapana, jamani! Bondi moja, yaani mkono mmoja ulioshikana kati ya kaboni na kaboni, huzunguka, kwa hiyo ile kona imo kwenye karatasi tu. Weka kidole kwenye kaboni ya mwisho, ukitembeze bila kukiinua wala kurudi nyuma. Kikipita kaboni zote 5, hiyo ni pentani, hata ikijikunja kama nyoka. Ikibaki kaboni pembeni kila ujaribupo, umepata tawi. Tunachouliza ni nani kashikana na nani.

Kwa kipimo hicho zinabaki tatu: pentani, 2-methilibutani na 2,2-dimethilipropani (namba husema tawi liko kwenye kaboni ya ngapi ya mnyororo). "Na 3-methilibutani je?" Geuza karatasi, uhesabu kuanzia upande ulio karibu na tawi: ni ileile ya pili.

Sasa tuzipashe joto. Pentani huchemka kwenye nyuzijoto 36 za Selsiasi, ya pili kwenye 28, ya tatu kwenye 9.5 tu. Atomu zilezile, uzito uleule! Molekuli hizi huvutana kwa nguvu hafifu zinazotegemea ukubwa wa eneo linalogusana. Minyororo hulala ubavu kwa ubavu. Yenye matawi mengi ni kama mpira, na mipira miwili hugusana padogo.

Msikimbilie kusema kwamba matawi hushusha kila kitu. Pentani huyeyuka kwenye −130, lakini ule mpira wetu kwenye −17 hivi, kwa sababu umbo lake la ulinganifu hupangika vizuri ndani ya fuwele. Nimefundisha jambo hili mara nyingi na bado linanisisimua.

Kwenye injini, heptani iliyonyooka (kaboni 7) hulipuka kabla ya wakati, ikapewa namba ya oktani 0, kipimo cha mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema. 2,2,4-trimethilipentani, yenye matawi matatu, hustahimili mgandamizo, ikapewa 100. Namba ya oktani ya petroli hupimwa kwa hizo mbili.

Idadi ya isoma, yaani molekuli tofauti zenye atomu zilezile, nayo hupanda kwa kasi: butani (kaboni 4) 2, heksani (kaboni 6) 5, oktani (kaboni 8) 18, dekani (kaboni 10) 75. Kwa kaboni 20 ni 366,319. Mwanahisabati Mwingereza Arthur Cayley alizihesabu miaka ya 1870 akizichukulia kama miti, yaani michoro ya nukta na mistari yenye matawi yasiyofunga duara, na hata yeye alikosea kwenye kaboni 12 na 13.

Haya, toeni karatasi mchore heksani. Ukipata ya sita, rudi na kidole chako.