Pesa Huingia Lini, na Nani Anaweza Kukukatalia?

Mhadhara kwa maofisa vijana wa serikali, mashirika ya umma na kampuni binafsi, uliotolewa katika ukumbi wa Kiwanda cha Makonyo, Wawi, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenyekiti, maofisa wadhamini mliohudhuria, wakuu wa idara, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma: shukrani.

Barua ya mwaliko imenitaja kwa kila nilipopitia: ualimu wa skuli, ununuzi wa karafuu, benki, hoteli, maji, na sasa bodi mbili tatu za kampuni za watu. Aliyeiandika alikusudia kunipamba, Mungu amlipe. Lakini orodha ya vyeo haimfundishi mtu kitu. Hata aliyefukuzwa kila alipokwenda ana orodha ndefu.

Nina jambo moja tu leo. Ukihamia sekta nyengine, usimguse mtu, usihamishe meza, wala usiitishe kikao cha "dira na dhamira" kabla hujapata majibu ya maswali mawili. Pesa ya hapa huingia lini? Na nani anaweza kukukatalia? Watu hodari wameanguka si kwa uvivu wala kwa wizi, bali kwa kuwa walikwenda ofisi mpya na kalenda ya ofisi ya zamani.

Nianze na karafuu, maana tumekaa ndani yake. Harufu mnayoisikia ni ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kiwanda hichi hakina cha kupika mpaka mkulima amalize kuchambua. Nilipotoka skuli na kupelekwa kituo cha ununuzi, nilikuwa na akili ya mwalimu: mshahara huja mwisho wa mwezi, basi kila kitu kinaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Mkulima hasubiri. Wachumaji wake wanalipwa kwa pishi, jioni ile ile, juu ya jamvi, na asipokuwa nazo mkononi kesho wako kwa jirani. Kwa hiyo amekwisha kukopa kabla karafuu haijakauka. Anapoleta gunia kituoni, mpimaji anatia mkono mpaka chini, maana juu kila mtu huweka nzuri, anatoa chache na kuzivunja. Iliyokauka hukatika kwa mlio, mbichi hujipinda. Yote hayo ni dakika chache. Lakini ikiwa fedha taslimu hazijafika kituoni, ustadi wote ule wa mpimaji ni bure, na gunia linarudi nyumbani. Kazi ya uongozi pale si kusimamia mizani. Ni kuhakikisha fedha zimefika kabla ya karafuu.

Na nani anaweza kukukatalia? Kwenye karatasi, hakuna. Mnunuzi halali wa karafuu ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa. Mtu akisoma sheria tu atadhani mkulima hana la kusema. Analo, ila halisemi ofisini. Analipakia usiku kwenye chombo, na alfajiri lipo Shimoni au Vanga, pwani ya Kenya. Miaka na miaka tulipambana na magendo kwa doria. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, na msimamo ukawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua sana. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, walikuwepo kabla ya 2011 na wapo baada yake. Kilichobadilika ni bei. Ukiwa kiongozi wa shirika lisilo na mshindani, mtafute aliyenyamaza, maana huyo ndiye anayekukatalia.

Hapa Pemba kuna funzo jengine ambalo wenzetu wa Unguja hawalipati kwa urahisi. Afisa Mdhamini anaiwakilisha wizara nzima kisiwani. Wananchi wanamuona yeye, wanamlaumu yeye, na kwenye sherehe anakaa mbele. Lakini saini ya fedha mara nyingi iko ng'ambo ya bahari. Nimewaona waliokaa kwenye kiti hicho wakalalamika mpaka wakastaafu, na nimewaona waliojua kwamba karani fulani wa uhasibu kule Unguja ndiye anayepanga foleni ya malipo, wakampigia simu kwa adabu kila Jumatatu. Hao wa pili barabara zao zilikwisha. Si rushwa hiyo, ni kujua nani anaweza kukuchelewesha bila hata kukukatalia.

Benki nitaipita upesi. Pesa huingia na kutoka kila siku, na mahesabu hufungwa kila jioni. Mtu aliyezoea mwaka wa bajeti hupata kizunguzungu wiki ya kwanza. Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: ukitoka shirika la Serikali ya Mapinduzi ukaingia benki, hata msimamizi amebadilika. Benki ni jambo la Muungano, wakaguzi wanatoka Benki Kuu ya Tanzania, na hawajali wewe ni mtoto wa nani Wete. Mwenye amana naye akikosa imani hakuandikii barua. Anakuja na kitambulisho, anachukua chake, anakuachia tabasamu.

Hoteli ndiyo iliyonifundisha zaidi, na khasa mwaka 2008. Umeme wa Unguja ulikuwa unategemea waya mmoja chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 ukakatika, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa takriban miezi mitatu, msimu wa wageni ukiwa ndiyo kwanza umeshamiri. Nilikuwa meneja pwani ya mashariki. Jenereta letu lilinunuliwa kwa ajili ya saa chache za dharura, si kwa kukesha. Kila asubuhi mkuu wa jikoni, fundi na mimi tulisimama uani kwenye mapipa ya dizeli tukagawana saa: friji za samaki kwanza, pampu ya maji pili, viyoyozi vya vyumbani usiku tu. Mgeni kutoka Ulaya alikuwa amekwisha kulipa kwa wakala wake miezi nyuma. Sisi wakala anatulipa baada ya mgeni kuondoka, na si siku ile. Dizeli inalipwa leo, taslimu, kwa bei ya leo. Hesabu za mwaka zilionyesha hoteli ina faida. Droo ya fedha ilionyesha hatuna mafuta ya Alkhamisi.

Mwenye hoteli aliishi nje ya nchi. Nilipoomba fedha za jenereta la pili alinikatalia kwa simu, kwa sentensi moja, na jambo likaisha hapo. Watumishi wa serikali hudhani kampuni binafsi ina uhuru. Ina kasi. Uhuru ni kitu chengine. Kule serikalini jalada lako huzunguka, hukwama, hupotea, likaonekana chini ya jalada jengine, lakini una pa kukata rufaa. Mwenye mali akisema hapana, hakuna kamati juu yake.

Na giza lile ndilo lililonirudisha kwenye utumishi wa umma. Umeme ulipokatika, maji nayo yalikatika, kwa sababu visima vyetu vinavutwa kwa pampu za umeme. Nikaona mabomba yote ya mjini yamekauka na kina mama wanatembea na madumu, na hoteli zikinunua maji kwa magari. Nilipoitwa baadaye kusaidia upande wa maji, sikuhitaji kufundishwa kwamba umeme, maji na utalii ni kitu kimoja chenye wizara tatu.

Maji sasa. Kwa miaka mingi Zanzibar maji hayakulipiwa, na ukenda kwenye shehia kuzungumzia bili unajibiwa kwamba maji ni ya Mungu. Ni kweli. Umeme wa pampu je? Hilo nilikuwa nikiliacha kwa sheha, kiongozi wa shehia, kwa sababu likitoka kinywani mwake linasikika, likitoka kwangu ni serikali inatoza. Mwananchi wa maji ana namna zake za kukataa: anaacha kulipa, au anajiungia bomba usiku. Ukimjia na vitisho kabla hajaona maji yakitoka, umeshindwa. Hakikisha maji yanatoka saa ulizoahidi, hata zikiwa saa tatu tu kwa siku, halafu ndiyo ulete mita.

Wanaotoka sekta binafsi wanapofika hapa huanza kuitukana sheria ya ununuzi wa umma. Pampu imeungua, hotelini ningempigia muuzaji Darajani na jioni imefungwa. Kwenye taasisi ya umma kuna mchanganuo, kuna bei za washindani, kuna bodi ya zabuni. Mie nasema mlaumuni mhandisi na meneja kabla ya sheria. Mara nyingi kilichochelewesha si bodi. Ni kwamba pampu ilipoungua hakuna aliyejua kina cha kisima kile, kipenyo cha bomba lake, wala nguvu ya mota iliyokuwamo, kwa hiyo siku nyingi za mwanzo zinakwenda katika kuandika kile kinachotakiwa kununuliwa. Kila kisima kikiwa na karatasi yake, na mgavi akiwa na mkataba wa mwaka wenye bei zilizokwisha kukubaliwa, sheria hiyo hiyo inakwenda mbio. Na ikumbukeni kalenda: mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini fedha za maendeleo haziamki siku ile. Anayepanga kuchimba visima Julai anapanga kugombana na Hazina.

Sasa kuna aina ya kuwajibika ambayo kampuni haina. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha ualimu hapa Zanzibar, akawa Katibu Mkuu wa Elimu, akaingia uongozi wa Shirika la Biashara, akawa waziri wa Afya, kisha wa Mambo ya Ndani. Januari 1977 akajiuzulu, kwa sababu watuhumiwa walikuwa wamefia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwepo, hakuamuru. Kampuni ingemuuliza hasara ni kiasi gani na kosa ni la nani. Umma unauliza ofisi ni ya nani. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, akafungua milango ya biashara iliyokuwa imefungwa, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano. Wengine husoma habari hiyo kama kupanda na kushuka. Mie naisoma kama mtu aliyejua, kila alipokaa, anajibu kwa nani. Mnapenda kuniuliza kuhusu "wasifu bora wa kiongozi". Wa mzee yule una kujiuzulu katikati yake, na wala haujaharibika.

Mwisho, hii ya kuvuka kutoka umma kwenda binafsi, ambayo najua ndiyo imewaleta wengi. Ukitoka taasisi ya umma, utatafutwa. Hutafutwi kwa uzuri wako tu. Kuna anayetaka kujua mshindani wake aliandika bei gani, na nani kwenye idara ile husoma zabuni kwa makini na nani hutia saini tu. Tuna sheria ya maadili ya viongozi wa umma tangu 2015, na tunajaza tamko la mali na madeni, lakini fomu haijui kilichomo kichwani mwako. Zipo kampuni zilizoniita kwenye bodi zao nikazikataa, kwa sababu ziliuza mabomba kule nilikotoka. Kijana mmoja aliniuliza, basi mtu asubiri muda gani? Nikamwambia, mpaka bei unazozijua zichakae. Kwenye pampu na mabomba, zabuni ikishapita mara mbili, ulichonacho kichwani hakimsaidii mtu.

Mwenyekiti, naona umetazama saa. Maswali nayapokea, na lile la posho za bodi najua liko njiani. Mliokaa nyuma mnaweza kulianza.