Sindano ya mgongo: hofu yenu na hofu yangu

Asanteni, kaeni. Akina baba huko nyuma, sogeeni. Haya yanawahusu pia.

Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa dawa za usingizi na ganzi wanapopasuliwa. Swali ninaloulizwa kuliko yote kabla ya upasuaji wa uzazi ni hili: "Daktari, hiyo sindano ya ganzi ya mgongoni si itaniharibia mgongo?" Hatuuchomi uti wa mgongo wenyewe, yaani lile fungu la neva lililo ndani ya pingili. Kwa mtu mzima uti unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva. Neva kuumia kabisa hutokea, ila ni nadra sana. Pale palipochomwa pataweza kuuma siku chache. Maumivu ya miaka, mama, mara nyingi ni ya ujauzito wenyewe na ya kubeba mtoto na ndoo.

Hofu yangu mimi iko kwenye dakika kumi za kwanza. Ganzi ikipanda, mishipa ya damu inalegea na presha inashuka. Mama anapiga miayo, anataka kutapika. Ndiyo maana tunamlaza akiegemea kushoto, mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa. Dripu inakimbia, efedrini, dawa ya kupandisha presha, imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Mara chache ganzi hupanda hadi pumzi ikakata. Dawa ni mililita 2 hivi, lakini pasipo oksijeni, na mtu anayejua kumpumulia mgonjwa, isichomwe.

Na kichwa kuuma baada ya sindano? Mwaka 1898 August Bier, daktari Mjerumani aliyekuwa akiijaribu sindano hii, alikubali achomwe yeye mwenyewe. Bomba halikushikana na sindano, maji ya mgongo yakamwagika, akalala siku 9: akiinuka kichwa kinauma, akilala kinatulia. Sindano za leo ni nyembamba, ila bado hutokea. Ukiona hivyo nyumbani, rudi hospitali, usijitibu kwa Panadol wiki nzima.

Mbona basi tunaipenda? Kwa nusu kaputi, chakula cha mjamzito kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na koo lililovimba linakataa mpira wa kupumulia. Kwa sindano anapumua mwenyewe, na anamsikia mwanawe akilia. Anayevuja damu sana, au ambaye damu yake haigandi, huyo tunamlaza kwa nusu kaputi.

Na ukiulizwa umekula lini, sema kweli. Uji nao ni chakula.

Haya, maswali. Baba wa koti la buluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja presha.