Nyota Nne, Visiwa Vitatu: Wangazija Kwenye Olimpiki

RUKIA: Asalam alaikum, karibuni tena. Tumejifungia chumba cha ndani hapa Kuze, Mombasa, na dirisha nimelifunga kwa sababu ya tuktuk. Mkisikia mtu anahema, huyo ni Salim.

SALIM: Waalaikum salaam. Feni lenyewe linasukuma moto tu, dada Rukia. Haya, leo watupeleka wapi?

RUKIA: Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Ingawa sisi huku Mkomoro yeyote twamwita Mngazija.

SALIM: Nilijua! Mtu mwenye nyanya Mngazija, hata mkianza na bei ya nazi atawafikisha Moroni, mji wao mkuu.

RUKIA: Na wewe usijitoe. Mtaa huu ukifukua nasaba za watu, nyumba ngapi zitakosa Mngazija? Lakini leo sizungumzi nasaba, nazungumza Olimpiki. Nyanya yangu usiku wa ufunguzi haendi kulala. Anangoja Komoro. Kwa herufi za Kizungu wanapita mapema, nyuma ya Kolombia. Wakishapita tu anasema, "Haya, zima." Kenya bado haijatokea!

SALIM: Basi Kenya iko mbali, mwache mzee wa watu alale.

RUKIA: Beijing 2008 ndiyo iliyomtesa. Wachina walipanga nchi kwa idadi ya mistari ya herufi zao. Akakesha, kila dakika "bado?", mimi mwenyewe sijui niseme nini.

SALIM: Sasa hebu niulize la wazi. Wamepata nini huko?

RUKIA: Medali? Hapana. Walianza Atlanta 1996, wamekwenda kila Olimpiki hadi Paris 2024. Hizo ni nane. Hakuna hata shaba.

SALIM: Nane, mkono mtupu. Na uhuru ni 1975. Miaka 21 walikuwa wapi?

RUKIA: Walikuwa na mambo yao, yakhe! Uhuru ulitangazwa Julai 1975, na Agosti ileile Rais Ahmed Abdallah akapinduliwa. Kamati yao ya Olimpiki ilitambuliwa 1993. Halafu Septemba 1995 yule mamluki Bob Denard akashuka usiku na watu wake, wakamkamata Rais Djohar, Wafaransa wakaja kumtoa Denard Oktoba. Kutoka hapo hadi Atlanta hata mwaka haujapita. Wewe ungeandaa timu?

SALIM: Mimi hata timu ya mtaa imenishinda na hakuna aliyenipindua.

RUKIA: Na Sydney 2000 je? Nzwani, kisiwa chao kimoja, ilikuwa imejitangazia kujitenga tangu 1997, na mapatano yalikuja 2001. Lakini uwanjani wakapita kama nchi moja.

SALIM: Sawa, nimeelewa. Ila nikuudhi kidogo. Cabo Verde nao ni visiwa, nao walianza Atlanta hiyohiyo 1996, watu wao ni wachache kuliko Wangazija. Paris 2024, David de Pina akawaletea shaba ya ndondi. Na Saint Lucia, kanchi ka kuzungukwa kwa gari mchana mmoja, Julien Alfred akachukua dhahabu ya mita 100. Udogo si hoja.

RUKIA: Mimi sikusema udogo. Umesema mwenyewe. Lakini Julien Alfred alihamia Jamaika akiwa msichana mdogo, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Texas. Mlango ulikuwapo, akaupita. Mtoto wa Ngazija mlango wake ni Marseille, Ufaransa, na akienda huko akawa hodari kweli kweli, Mfaransa naye anamtaka.

SALIM: Hapo umenipata. Lakini mbona wao mara nyingi ni mita 100, au kuogelea mita 50? Ndio mchezo wanaoupenda?

RUKIA: Si kupenda. Nchi ambayo haina mwanariadha hata mmoja aliyefikia kiwango huruhusiwa kupeleka wachache tu kwa nafasi maalumu. Mbio ndefu za mita 10,000 hawapewi. Basi wanakimbilia mita 100, ambazo zina raundi ya awali asubuhi, mabingwa bado wako kitandani. Feta Ahamada alikimbia mita 100 Beijing na London. Sekunde chache tu, umemaliza safari ya miaka minne.

SALIM: Mimi ningekimbia polepole nionekane zaidi kwenye TV.

RUKIA: Wewe unakimbia polepole bila kutaka. Sikiliza, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nyanya haulizi nani kashinda. Anatazama bendera. Ile bendera wameibadilisha mara kadhaa tangu 1975, rangi zimegeuzwa, mwezi umegeuzwa, lakini nyota nne hazijaguswa. Nyota nne, visiwa vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore.

SALIM: Na Maore ndiyo Mayotte.

RUKIA: Ndiyo. Walipopiga kura ya uhuru Desemba 1974, Maore ikasema inabaki na Ufaransa. Tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa. Lakini kwenye bendera ya leo, mlia mweupe ni wa Maore. Kwa hivyo kijana anayeishika uwanjani ameshika kesi, si kitambaa tu.

SALIM: Na Maore Olimpiki?

RUKIA: Wako chini ya Ufaransa. Mahali wanapokutana na Komoro uso kwa uso ni Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilianza 1979 Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa. Hushiriki Morisi, Shelisheli, Bukini, yaani Madagaska, na wengine. Huko Wangazija wana medali zao. Na huko ndiko kulikowaka moto, Réunion tena, Agosti 2015. Mapatano yalikuwa Maore wasipite na bendera ya Ufaransa, watumie ya michezo. Siku ya ufunguzi, bendera ya Ufaransa ikatokea na wanariadha wa Maore.

SALIM: Wakafanyaje?

RUKIA: Wakatoka. Ujumbe mzima wa Komoro ukasusia, wakarudi kwao.

SALIM: Subiri kwanza. Hapo mimi siko nao. Kuna msichana amefanya mazoezi miaka minne, pengine ndiyo nafasi yake pekee ya medali, halafu wakubwa wanamwambia pandisha mabegi? Wangecheza, wakalalamika kwa barua.

RUKIA: Barua wameandika tangu sijazaliwa! Nani kazisoma? Ile siku magazeti ya Ufaransa yaliandika.

SALIM: Na msichana?

RUKIA: ...Msichana alionewa. Hilo nakubali. Nyanya mwenyewe alisema "maskini watoto", kisha akasema wamefanya vizuri. Yote mawili kwa pumzi moja.

SALIM: Wakarudi lini?

RUKIA: 2019, Morisi. Na zamu ya 2027 imewaangukia wao.

SALIM: Moroni? Yaani Maore watakwenda kupita mbele ya Wangazija wenyewe, uwanja wao? Mimi naanza kuweka nauli leo.

RUKIA: Nauli ya nani, umesahau deni langu la kahawa? Paris waliwapitisha kwa mashua mtoni Seine, mvua inawanyea. Nyanya akacheka, "Leo wamempeleka Mngazija chomboni, wamefikiri watamtisha."

SALIM: Na 2027 amesemaje?

RUKIA: Nilimweleza habari ya hoteli na kijiji cha wanamichezo. Akauliza vijana wa Maore watalala wapi. Nikamwambia hukohuko na wenzao. Akakasirika: "Kwani hawana shangazi zao Ngazija?"

SALIM: Haya, adhana hiyo. Zima.