Mlaze Chali, Utoke Nje: Mhadhara kwa Wazazi wa Watoto Wasiolala

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kuja na baridi hii ya Njombe, wengine mkiwa na watoto mgongoni. Akina baba nawaona pale nyuma. Sogeeni mbele, maana sehemu kubwa ya niliyoyaleta leo ni yenu.

Mimi ni muuguzi mkunga, na miaka yangu mingi imepita kliniki ya mama na mtoto. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nesi, mtoto halali usiku, nimpe nini?" Nataka nianzie kwenye hiyo "nimpe nini".

Siku moja alikuja mama kijana na mtoto wa miezi saba. Nikamwuliza anaendeleaje, akanijibu kwa furaha kwamba siku hizi analala, usiku kucha hasikiki. Tukamning'iniza kwenye mizani. Mnajua mtoto wa miezi saba akining'inizwa: atarusha miguu, atalia, atashika kamba. Huyu alining'inia tu, miguu imelegea kama nguo kwenye kamba. Nikamfinya wayo. Akafumbua jicho, akalifumba tena. Nikamwuliza mama taratibu, "Mwanangu, unampa nini jioni?" Akafungua pochi akatoa chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji, inayoleta usingizi. Alianza na kijiko kimoja. Kilipoacha kufanya kazi akaenda viwili.

Mtoto tulimkimbiza hospitali, akapona. Na yule mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miezi mitatu hajalala zaidi ya saa mbili mfululizo, na alfajiri anatakiwa sokoni. Nilimshika mkono tukakaa kwenye benchi, akalia kuliko mwanawe alivyowahi kulia.

Dawa za mafua na mzio zinazosinzisha zinaugandamiza ubongo, na ubongo huohuo ndio unaoliamrisha pafu livute hewa. Mtoto akizidishiwa, anasahau kupumua. Iko moja inaitwa promethazini. Marekani mwaka 2004 waliamuru iwekewe onyo kali kuliko yote: asipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu wako waliokufa kwa kushindwa kupumua. Na sharubati za kikohozi nazo si maji ya sukari. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo, na dawa za maji zilizochanganyika na kemikali ya sumu ndizo zilizotajwa. Dawa ya mtoto iandikwe na mtu aliyempima huyo mtoto, kwa ugonjwa aliouona. Kutolala peke yake si ugonjwa.

Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, jamani. Tuko Njombe, tusifichane. Utasikia, "Ni mtogwa tu, bado mtamu, amelamba kidogo." Uliogemwa asubuhi, jioni umeshachacha. Pombe inashusha sukari ya mwilini mwa mtoto mdogo, na sukari ikishuka usiku anapata degedege au hazinduki. Hata tone la kuonjesha, hapana. Asali nayo, chini ya mwaka mmoja, hapana. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la kichanga haliwezi kupambana navyo, vikamlegeza mwili wote.

Bibi yangu pale ananitikisia kichwa. Najua, bibi, unasema kilio hiki ni mchango wa tumbo, mimi nimezaa wawili tu na wewe umelea kumi. Naomba unisikilize kidogo.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, Brazelton, aliwaomba mama wa watoto 80 waandike kila siku mtoto amelia kwa muda gani. Watoto wazima, wasio na ugonjwa. Wiki ya pili walikuwa wakilia karibu saa moja na dakika 45 kwa siku. Kilio kikapanda, na wiki ya sita kikafika saa mbili na dakika 45, hasa jioni. Baada ya hapo kikashuka chenyewe, na kwa kawaida kufikia mwezi wa tatu au wa nne mambo yanatulia. Wapo wanaozidi hapo, na bado ni wazima. Sasa angalieni: mtoto analia, wiki ya tano tumempa mzizi, hakuna kitu. Wiki ya sita tumekwenda kwa mtaalamu akavunjwe kimeo, kile kinyama cha kooni, bado. Wiki ya saba tumempa kingine, wiki ya nane ametulia. Nani atasifiwa? Yule wa mwisho. Kumbe mtoto alikuwa anashuka mlima wake mwenyewe. Na kimeo, bibi, kinatoka damu, kinaingia vidonda. Nimepokea watoto waliokatwa, sitaki kupokea mwingine.

Sisemi kila kilio ni cha kawaida. Hakikisha ameshiba, amebadilishwa, hana joto wala baridi, pua haijaziba. Mkague vidole vya mikono na miguu, uzi wa soksi unaweza kuzunguka kidole ukakaza. Mwenye upele anajikuna usiku kuliko mchana. Lakini ukiona anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, amelegea, amepata degedege, utosi umevimba au umezama, au ana chini ya miezi mitatu na joto limefika nyuzi 38, usingoje kuche. Beba, nenda.

Tuseme basi amekaguliwa, ni mzima, na bado analia. Ni saa nane usiku. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki sita. Baba yake alikuwa safari. Alianza kulia saa tatu, na saa nane alikuwa bado analia. Nilikuwa nimeshaimba, nimeshatembea, nimeshanyonyesha mpaka titi halina kitu. Nikamwinua mbele ya uso wangu, mikono yangu kwenye mbavu zake, na nikaisikia misuli ya mkono ikikaza. Mimi, muuguzi, ninayefundisha wenzangu. Taa ya chemli ilikuwa mezani na niliona kivuli cha mikono yangu ukutani. Nikamlaza kitandani katikati ya chandarua, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Nikaosha uso kwa maji ya pipa, ya baridi yale mnayoyajua. Ndani alikuwa analia, nami nje nalia. Niliporudi alikuwa yuleyule, mwekundu, mzima, ananyoosha mikono.

Mtoto mzima hafi kwa kulia dakika kumi. Kwa kutikiswa anakufa, na sekunde chache zinatosha. Kichwa chake ni robo ya urefu wa mwili wake, shingo haina nguvu, na ubongo ni laini. Ukimtikisa, ubongo unagonga fupa mbele na nyuma, mishipa midogo inakatika, damu inavujia ndani. Nje huoni hata alama. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa ubongo wa Uingereza, Norman Guthkelch, aliandika kuhusu watoto waliovuja damu kichwani bila jeraha la nje, akaonya kwamba chanzo kinaweza kuwa kutikiswa tu. Wanaopona wengi wao wanabaki na upofu, kifafa, au viungo visivyofanya kazi. Na wanaotikisa mara nyingi ni watu wanaompenda mtoto huyo. Wamechoka tu.

Kwa hiyo ukiisikia mikono inakaza, au unasaga meno, au wazo baya limepita kichwani: mlaze chali mahali salama, funga mlango, utoke. Kunywa maji. Mpigie mtu. Baada ya dakika kumi hivi chungulia, usimnyanyue kama bado unatetemeka. Hujamtupa mtoto, umemlinda. Na ukiona siku zinapita hutaki kumshika, hulali hata yeye akilala, unawaza kufa, hayo ni maradhi, yanampata mama baada ya kujifungua, na yanatibika. Njoo kliniki utuambie kama unavyotuambia kuhusu homa.

Mahali salama ni wapi? Kwenye godoro lisilobonyea, chali, bila mto, bila blanketi lililomfika usoni, chandarua kimechomekwa. Wengi hapa tunalaza kifudifudi tukiogopa atapaliwa. Mtoto mzima akicheua anageuza kichwa na kumeza, hata akiwa chali. Uingereza walipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi walaze chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Najua tunalala nao kitandani, nyumba zetu ni hizi. Basi asilale kati ya watu wawili, asilale na aliyekunywa, aliyemeza dawa za usingizi au anayevuta sigara, na kichanga aliyezaliwa njiti alale pembeni yako kwenye nafasi yake. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari kuliko kitanda.

Na jiko. Mwezi huu wa Juni na wa Julai kila mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto alale. Hewa yake ya sumu haina harufu, haionekani, haikuamshi. Mnalala wote, hakuna anayeamka. Mvishe nguo mbili tatu, mkumbatie ngozi kwa ngozi, jiko libaki nje.

Sasa kinachosaidia kweli. Mbeleko. Huko Montreal, Kanada, mwaka 1986 watafiti waliwapa kina mama fulani kazi ya kumbeba mtoto angalau saa tatu kila siku, hata asipolia. Katika wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43. Walichokigundua ndicho bibi anachokifanya kila siku akichambua maharage, na hapo, bibi, nakupigia makofi. Siri ni kumbeba mapema mchana, kabla kilio hakijapamba moto. Na mwaka 2022 watafiti wa Japani walipendekeza hivi: akilia, tembea naye dakika tano bila kusimama, akisinzia kaa naye dakika tano hadi nane, ndipo umlaze. Wengi tunamlaza mara tu macho yanapofumba, mgongo unagusa godoro, anaamka, tunaanza upya.

Waliokwisha kutembea, wa mwaka na miaka miwili, kwao nitasema machache: chai ya rangi jioni iondoke, simu iondoke, na mlale saa ileile kila siku. Wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi, ukijumlisha na wa mchana.

Baba, mlivyosogea mbele nimefurahi. Titi huna, lakini una kifua na miguu. Chukua zamu ya kuanzia saa tatu mpaka saa sita usiku, mama alale mlango umefungwa. Saa tatu mfululizo za usingizi zinamrudishia mtu akili. Na kabla hujaondoka hapa, chagua jirani mmoja, mwambie usoni: "Usiku nikikugongea, nifungulie, nitakuwa nimezidiwa na mtoto." Mkubaliane leo, kwa sababu saa nane usiku mtu anaona aibu.

Nimekuja na mwanasesere huyu, na mkeka, na chandarua kidogo. Tutafanya kwa mikono. Baba mwenye koti la kijivu, njoo wewe kwanza. Mshike shingo. Hapo hapo. Sasa mlaze.