Mrija wa Puani Kwanza

Mabibi na mabwana, ninyi mnaopokea wagonjwa wa dharura hapa Kisumu, Siaya na Vihiga, leo ni zamu ya ngiri ya kiwambo kwa mtu mzima, yaani viungo vya tumbo kupenya kifuani kupitia kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua; ni ile inayopitia tundu la Bochdalek. Tundu hilo liko nyuma, ubavuni, mara nyingi kushoto, maana kulia ini huziba njia. Mtu huzaliwa nalo. Wengi hugunduliwa wakiwa wachanga. Mwingine huishi nalo miaka 40 akimeza dawa za vidonda vya tumbo, hadi siku utumbo unaponyongwa kifuani.

Atafika akitapika, akihema, bega la kushoto likimuuma. Eksirei itaonyesha kiputo kikubwa cha hewa, na hapo ndipo watu huharibu: wanadhani pafu limevuja, wanachomeka mrija wa kifuani. Kumbe kiputo ni mfuko wa chakula! Ukiutoboa, uchafu wote unamwagika kifuani. Pitisha kwanza mrija wa puani, ule unaoshuka hadi mfuko wa chakula, kisha piga picha tena. Ncha ikijikunja juu ya kiwambo, jibu umelipata, na hewa umeipunguza. Ukigoma kupita usiulazimishe; mfuko uliojisokota hufunga mlango wake wa juu.

Katika chumba cha upasuaji, mtoa usingizi asimpulizie mgonjwa hewa kwa barakoa, itauvimbisha mfuko. Pasua tumbo katikati, si kifua, kwa sababu utumbo uliooza utaukata hapo hapo. Viungo vikikataa kushuka usivute. Wengu hupasuka upesi. Penyeza katheta, mrija mwembamba laini, ukingoni mwa tundu, hewa iingie kifuani, mvutano uachie. Bado? Panua tundu kidogo, ukiiepuka neva ya kiwambo. Utumbo wenye rangi ya kutia shaka ufunike kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi vuguvugu, subiri dakika 10, ndipo uamue.

Ziba tundu kwa uzi usioyeyuka, nailoni namba 0 au 1, mshono mmoja mmoja. Wavu wa plastiki ni kwa tundu pana, lakini utumbo ukiwa umetoboka uache, utashika usaha.

Sasa ndipo mrija wa kifuani unapata kazi, namba 28 au 32, kwenye chupa ya maji, bila mashine ya kufyonza. Pafu lililokunjamana muda mrefu likifunguliwa ghafla hujaa maji.

Tumbo likibana wakati wa kufunga, liache wazi kwa muda. Na ukishafunga, mkojo ukipungua usiku huo, pima shinikizo la tumbo kabla ya kuongeza dripu.