Haikuchelewa, Ilicheleweshwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi, kwa sababu bado nakuta shairi la Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, liitwalo "Harlem", likifundishwa kuwa linahusu "ndoto iliyochelewa". Jamani! Mgeni huchelewa. Mvua huchelewa. Mshahara uliokaliwa na mwajiri haukuchelewa, umecheleweshwa. Silabi hiyo moja inadai jibu: na nani? Hughes, mwaka 1951, anauliza ndoto iliyoahirishwa huwaje, na mtendaji hamtaji. Sisi wasomaji ndio wa kumtafuta.

Twendeni Chicago. Mwaka 1937 Carl Hansberry, mfanyabiashara Mweusi, alinunua nyumba katika mtaa ambao wenye nyumba walikuwa na mkataba: hakuna kumuuzia wala kumpangisha mtu Mweusi. Watu wakaizingira nyumba ile. Wakavurumisha kitu kizito, kikapita dirishani na kumkosakosa binti yake mdogo, Lorraine. Usiku mama mtu alizunguka vyumbani na bastola yenye risasi, analinda watoto wanne, huku mume yuko mbali anahangaikia kesi. Mahakama za Illinois zikasema familia itoke. Hansberry akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 akashinda.

Lakini alishinda nini? Majaji walisema tu kwamba hukumu ya kesi ya zamani, ambayo yeye hakushiriki, haiwezi kumfunga. Mkataba wenyewe hawakuugusa! Mikataba ya namna hiyo iliendelea kutumika hadi 1948, mahakama hiyo hiyo ilipotamka kwamba mahakama za majimbo haziruhusiwi kuitekeleza. Hansberry hakuiona siku hiyo. Alifariki 1946 huko Mexico, alikokuwa anajiandaa kuihamishia familia yake. Mtu ameshinda kesi katika mahakama ya juu kabisa, na bado anatafuta nchi nyingine ya kuishi.

Najua kuna atakayesema kila maskini ana ndoto iliyokwama, tusilete habari ya rangi. Hansberry hakuwa maskini, ndugu yangu. Fedha alikuwa nayo, na nyumba ameshanunua. Kilichobaki kumzuia ni nini?

Yule binti aliyekoswakoswa alikua akaandika tamthilia, akaiita "A Raisin in the Sun", yaani zabibu juani, kutokana na swali la Hughes katika shairi lile: je, ndoto hiyo hukauka kama zabibu juani? Ilipanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 1959. Ndiyo maana nakasirika mwanafunzi anapoambiwa ile zabibu ni "tamathali ya usemi" na somo likaishia hapo.

Na wanaoniuliza Hughes anatuhusu nini: mwaka 1962 alikuwa Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Alikuja mwenyewe.

Nilikusudia kumfikia Gwendolyn Brooks, mshairi wa Chicago hiyo hiyo, ila muda umenitupa. Niseme hili moja tu juu ya mstari wa mwisho wa "Harlem", ule unaouliza: au ndoto hiyo hulipuka? Walimu wanauita utabiri. Harlem yenyewe, mtaa wa Weusi mjini New York, ilikwisha kulipuka kwa ghasia mwaka 1935, ikalipuka tena 1943, na Hughes alizijua ghasia zote mbili. Alipoandika swali lile, vioo vya madukani vilikwisha kuvunjika.

Haya, nani atatusomea shairi lenyewe? Taratibu, na kila alama ya kuuliza isikike.