Jembe la Mzee Jirani: Mahubiri Yanapofika Nyumbani

Bwana Yesu asifiwe! (Amina.) Mwenyekiti, wainjilisti wenzangu, kina mama mliotuamkia jikoni tangu alfajiri, shikamooni.

Nimepewa mada nzito, nguvu ya mahubiri kubadilisha maisha, na dakika ishirini. Basi nitawapeleka mahali pamoja tu: Gahini, Rwanda, kilimani juu ya ziwa Muhazi, ulikowashwa moto wa uamsho wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hapo kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Akapokewa na njaa. Watu walikufa, wengine wakavuka kwenda Uganda kutafuta chakula. Mwaka uliofuata daktari mwenyewe alikuwa hoi, mwili na imani. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na kilimani Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakifuatilia mstari kwa mstari habari za Roho Mtakatifu. Kwaya haikuwepo, jukwaa halikuwepo. Tunaopigania spika kubwa hapo tupumue kidogo.

Anayenigusa zaidi ni Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali pale Gahini. Hospitali ilikuwa haiendi: manung'uniko, wafanyakazi hawaelewani. Kinuka akasafiri hadi Kampala kwa Nsibambi, akamwaga malalamiko yake yote. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia shida ile chanzo chake kimo ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Hebu jiweke mahali pake. Umesafiri mwendo wote ule kumsema mwenzio, unarudishiwa kesi yako mwenyewe! Alikasirika? Mimi ningekasirika. Lakini njiani kurudi neno lile likamfanyia kazi, akasalimu amri, na Gahini wakaona amerudi mtu mwingine.

Hayo nayo ni mahubiri, ingawa msikilizaji alikuwa mmoja.

Kutoka hapo moto ukaenea. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu Gahini, akihubiri kwamba kanisa limelala, liamke. Alifariki Januari 1936, bado kijana, na kifo chake kikalipeleka neno lake mbali kuliko miguu yake. Uganda watu wa uamsho huu wakaanza kuitwa balokole, yaani waliookoka. Sisi tukasema walokole, mara nyingi kwa kuwacheka. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, Kenya. Bukoba nako kukashika.

Walokole walijulikana kwa nini? Kwa madeni. Mtu alitubu Jumapili, Jumatatu yuko barabarani na mbuzi wa watu anamrudisha. Bibi yangu mzaa mama aliokoka akiwa na jembe la jirani alilokuwa amekaa nalo misimu mitatu, akidai lilipotea. Akalibeba, akampelekea mzee yule, ambaye kanisani hakanyagi. Mzee akalipokea, akapitisha kidole kwenye makali, akasema, "Mbona limekonda hivi? Huyo Yesu wako hakukwambia ulete jipya?" Bibi akauza kuku wawili, akanunua jipya. Mzee hakuokoka, msinielewe vibaya. Ila tangu siku hiyo, akisafiri, ufunguo wa ghala lake alimwachia bibi.

Halafu kuna kugharimika. Mwaka 1941, chuo cha theolojia Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, walokole, kwa sababu ya msimamo wao. Hapa niseme ukweli: walokole nao walikuwa na ulimi mkali, wakiwahesabu wengine kuwa hawamo. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho huohuo, akaja kuwa askofu mkuu wa Kianglikana Uganda. Februari 1977 aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin, rais wa Uganda, kupinga mauaji. Toba iliyoanza na mambo ya nyumbani ikafika mlangoni pa rais.

Nisipoutaja mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, nitakuwa nimewadanganya. Rwanda, ulikowashwa moto huu, watu waliuawa ndani ya majengo ya makanisa, na Wakristo wakiwa miongoni mwa wauaji. Wapo waumini waliokufa wakiwaficha jirani zao, na hao tunawaheshimu. Lakini kwa nini mahubiri ya miaka yote ile hayakuizuia mikono mingine? Mawazo yangu ni haya: tulizoea kutubu pombe na uzinzi, hata mbuzi, ila chuki ya kabila tukaiacha ikae kwenye benchi, imevaa vizuri, inapokea sadaka. Dhambi isiyotajwa mimbarini haitajwi na nyumbani. Sisi hapa tunazo zetu. Nikizitaja sasa hivi, wengine mtakumbuka kwamba mna basi la kuwahi.

Nimeona mwenyekiti anaangalia saa. Nsibambi hakuanza na dhambi za Church, walipiga magoti pamoja. Nami nisiwaache hivihivi.

Mwaka juzi mlinichangia nauli ya kwenda semina, shilingi 18,000. Nilipata lifti kwenda na kurudi. Fedha nikaikalia, na hapa mbele nikasimama nikatoa taarifa ya safari, mkanipigia makofi. Bahasha hii hapa. Mama mhazini, njoo uzihesabu mbele yao.